Usiziache negativu zako studio

Kwa anayeanza kupiga picha kwa kamera ya filamu: ukipeleka mkanda kusafishwa, sema mapema kwamba negativu (vipande vya filamu yenyewe baada ya kusafishwa) unazitaka. Studio nyingi siku hizi hukutumia picha zilizoskaniwa tu, na negativu zisipochukuliwa huishia kutupwa. Skani ni nakala. Negativu ndiyo picha yenyewe, na hata miaka 20 baadaye unaweza kuiskani upya kwa ubora zaidi. Wapiga picha wakongwe wengi wanazililia negativu walizopoteza kuliko lenzi walizouza. Zitunze pakavu, penye giza, na uandike tarehe na majina ya waliomo.

Jingine: ukishapakia filamu ya milimita 35, kaza ulegevu wake, kisha angalia kishikio cha kurudishia filamu kama kinazunguka kila unapovuta wenzo wa kusogeza filamu. Kisipozunguka, filamu haijashika na haisogei.