Kulinda shamba lako Lubumbashi na moto, ukame na panzi: kazi ya Mei na Juni

Huku kwetu mvua inakatika Aprili, na wengi wanaweka jembe pembeni hadi Oktoba. Shamba linaungua Septemba, lakini kinga yake inatengenezwa Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi. Hatua hizi nilizipanga kufuatana na maswali ya mama mmoja jirani mwenye muhogo upande wa barabara ya Kasenga, ambaye tulisaidiana kazi hii kiangazi kilichopita. Ni za mtu mwenye jembe, panga na ndugu wachache wa kumsaidia.

Hatua ya 1: Zunguka mpaka

Upepo wa kiangazi kwetu hutoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo anzia upande huo. Angalia nani yuko jirani: wachoma makala (makaa), wawindaji wa panya, mwenye shamba jipya anayesafisha kwa moto. Waendee mwenyewe, usimtume mtoto. Mwombe mwenye tanuru la makala afyeke kulizunguka pande zote, na ukiweza msaidie hiyo kazi.

Hatua ya 2: Lima mistari miwili

Lima mstari mmoja kando ya shamba na mwingine nje yake, ukiacha kama mita kumi za nyasi katikati. Kila mstari uwe na upana wa mita mbili au zaidi, udongo uonekane mtupu. Mstari wenye mabaki ya majani makavu utapitisha moto kama hukulima kitu.

Watu wananiuliza juu ya dawa ya kuua majani. Siitaki kabisa kwa kazi hii. Inaua nyasi na kuziacha zimesimama, kavu, tayari kuwaka. Jembe, kisha reki ya chuma. Ya plastiki inavunjika meno kwenye mizizi. Nyasi ulizofyeka kwenye mistari usizichome, utazihitaji hatua ya 4.

Hatua ya 3: Choma nyasi zilizo kati ya mistari

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza ruhusa: shefu wa kijiji ajue, na majirani wote wajue siku na saa. Halafu chagua wakati. Chukua nyasi mkononi uzikunje. Zikijikunja bila kukatika, ni mapema mno, zitatoa moshi tu. Zikikatika zote kwa mlio mkavu, umechelewa. Unataka mchanganyiko: majani ya chini yamekauka, shina bado lina ubichi. Kwa kawaida hiyo ni mwisho wa Mei au Juni. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka na Zambia, watu wa misitu walianza miaka ya 1930 kulinganisha viwanja vya miombo, yaani pori letu la miti: vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viliishia karibu nyasi tupu, vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Moto wa Juni unapita chini, ule wa Septemba unapanda.

Anza alasiri, jua likishuka, upepo ukitulia. Usiku wa Juni ni baridi, unashuka umande, na huo umande unakusaidia kuzima. Asubuhi ni hatari, maana joto na upepo vinaongezeka ukiwa katikati ya kazi.

Weka watu kwanza, kiberiti baadaye. Wawe watu wazima wanne angalau, kila mmoja na tawi bichi lenye majani mengi au gunia lililolowa, na bidoni za maji zikiwa zimeshafika kwenye mstari. Petroli isikaribie hapo. Washa kipande kidogo cha majaribio, ukubwa wa mkeka. Mwali ukibaki chini ya goti, endelea. Ukifika kiunoni, zima, rudi nyumbani, ujaribu siku nyingine.

Washa upande ambako upepo unaelekea, kando ya mstari, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Watu wanapenda kuwasha upande ule mwingine kwa sababu unamaliza haraka, na haraka hiyo ndiyo inayouvusha. Kama shamba liko kwenye mteremko, anzia juu, kwa kuwa moto unaopanda unakimbia.

Sasa kuzima, sehemu inayokula saa nyingi kuliko zote. Nyasi zikishaisha kuwaka, watu wanachukua bidoni zao na kwenda kula bukari (ugali). Kwa yule mama, moto ulionekana umekufa jioni, lakini kisiki kilicholiwa na mchwa kilikuwa kinaungua ndani kwa ndani. Kesho yake mchana upepo ukatoa cheche. Tuliuwahi. Kwa hiyo tembea ukanda wote. Kila kisiki, kila gogo lenye tundu, kila mti mkavu wenye uwazi, pitisha mgongo wa mkono karibu bila kugusa. Ukisikia joto, fukua, mwaga maji, koroga na udongo, kisha jaribu tena. Vichuguu vyetu vikubwa vina miti na mizizi mikavu juu yake, navyo vizungukwe hadi kileleni. Mtu mmoja alale shambani usiku huo, na mchana wa kesho yake rudini wote kukagua, jua linapokuwa kali.

Hatua ya 4: Peleka nyasi dembo (bonde lenye unyevu)

Nyasi za mistari zinakuwa matandazo kwenye vitalu vya lengalenga (mchicha), kabichi na nyanya kule dembo. Tandaza unene wa vidole vinne, usibane shina. Mwagilia asubuhi na mapema, kwenye shina, mara chache lakini kwa wingi. Matandazo makavu usiyaweke karibu na ukanda wa moto wala kando ya nyumba.

Hatua ya 5: Panzi

Namsema yule panzi wa rangi nyingi, mweusi na kijani na njano, anayenuka ukimbana. Mwisho wa kiangazi, muhogo unakuwa karibu mmea pekee shambani wenye majani mabichi, naye anakuja kula sombe yako, yaani majani ya muhogo. Kuku usiwategemee, panzi huyu ana sumu mwilini na ndege wengi wanamkwepa.

Mwisho wa mvua majike wanakusanyika mahali pamoja kutaga ardhini, mara nyingi chini ya vichaka vya mpakani. Chomeka vijiti hapo. Unapolima mistari yako Mei, geuza udongo wa sehemu hizo kwa kina cha jembe: utaona vifuko vya mayai vilivyoshikana na povu lililokauka. Vikibaki juani vinakauka.

Watakaobaki wanaanguliwa mvua za kwanza zinapokaribia. Nenda alfajiri, kabla hawajapata joto la kuruka. Watoto weusi wanalala wamerundikana kwenye mmea mmoja. Weka ndoo ya maji ya sabuni chini yake, pinda tawi, likung'ute. Pita kila siku wiki zile za mwanzo, kabla hawajatawanyika shambani.