Kuonja wiski ya singo molti ukiwa Malindi na kuipea maksi bila kujidanganya

Nianze na mjomba wangu manake yeye ndo alinifunza kunusa, na wakati huo hata wiski hakuwa anaijua. Ni mgema, yuko Ganda, na tembo likishuka mnazini hanywi kwanza, anasogeza kibuyu puani, ananyamaza kidogo, halafu anakwambia hili ni la asubuhi, hili limelala, hili kuna mtu amelichezea. Mimi baadae nikapata kazi ya baa kwenye hoteli moja upande wa Casuarina, wageni wakawa wananionjesha tone mbili tatu za chupa zao, basi siku moja nikambebea mjomba wiski ya Laphroaig ya miaka 10 kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi (nilikiosha, msinitukane). Akanusa, akanitizama, akanusa tena. "Mpwa wangu, hili ni dau limeungua na ng'onda ndani."

Nimesoma maelezo mengi ya hiyo wiski tangu siku ile na hakuna yaliyoishinda hiyo. Kwa hivo mtu akikuambia huwezi kuonja singo molti mpaka ujue maua ya milima ya Uskoti yananukia vipi, mwambie akae na maua yake. Pua ya Pwani imelelewa na ubani, karafuu, papa mkavu, moshi wa makumbi na haluwa, hiyo ni stoo kubwa sana ya harufu na ndo utakayoitumia hapa.

Kwanza ujue unachokunywa. Kwa kanuni za Uskoti za 2009, singo molti ni kimea cha shayiri peke yake, yaani shayiri iliyooteshwa, pamoja na maji na hamira, imepikwa kwenye mitungi ya shaba ya kiwanda kimoja, ikalala kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa angalau miaka 3, hukohuko Uskoti, na ikitiwa chupani isiwe chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Hiyo "singo" ni kiwanda kimoja, sio pipa moja, watu wengi hukosea hapo. Johnnie Walker Red na Black tunazozijua sote hapa ni blendi, zimechanganya viwanda vingi na nafaka zingine. Na namba ya miaka kwenye lebo ni umri wa pipa changa kuliko yote yaliyoingia humo, kwa hivo ndani ya ile 12 kunaweza kuwa na kitu kizee zaidi.

Ukinunua angalia stempu ya KRA, wale watu wa ushuru wa Kenya, na uiskani na programu ya Soma Label hapohapo dukani, usione haya. Mimi nishauziwa mzinga feki kwenye duka moja (sitalitaja) na nilijua nikishafika nyumbani, ulikuwa unanukia spiriti na sukari iliyoungua, basi, hakuna kingine, na pesa zilikuwa zimeshaenda. Kama bei inakuuma changeni watu wanne, kila mmoja anaonja na chupa inabaki.

Sasa joto. Hii ndo shida yetu ya kwanza na miongozo mingi haiisemi kwa sababu wanaoiandika wanakaa kwenye baridi. Malindi jioni ya Februari chumba kiko nyuzi 29 au 30, ukimimina wiski hapo alkoholi inaruka mbele ya kila kitu, inakuchoma pua, unaandika "kali" na kumbe sio kosa la wiski. Mi hufanya hivi, naisimamisha chupa kwenye beseni la maji ya mtungi kama nusu saa kabla ya kuanza, au friji dakika 15, isizidi, manake ikipoa sana harufu zinajifunga. Barafu usitie kwenye glasi ya maksi. Ukishamaliza kupea maksi tia barafu, tia soda, tia madafu ukitaka, hiyo ni yako.

Feni zima! Au ielekeze ukutani. Feni ikipiga juu ya glasi unanusa chumba, hunusi wiski. Na hiyo siku nyumbani kusifukizwe udi, usijipake marashi, usikae karibu na jikoni la mtu anayekaanga viazi karai. Pilau, achari, pilipili, sigara, kahawa tungu, vyote viache masaa mawili hivi kabla, na muguka ndo usiseme kabisa, ulimi unakufa ganzi halafu unakuja kutuambia kila wiski ni chungu. Maji ya kunywa yawe ya chupa, ya bomba yana klorini na ya kisima hapa kwetu yana chumvi, yote mawili yanaingia kwenye maksi bila wewe kujua.

Glasi iwe na tumbo na mdomo mwembamba, ndo harufu ikusanyike juu. Kuna glasi maalum inaitwa Glencairn lakini kwetu hapa rahisi zaidi ni zile glasi ndogo za grapa, pombe kali ya Kitaliano, Malindi imejaa Waitaliano na nyumba ikiuzwa na vyombo vyake hukosi kuzipata. Ile bilauri pana ya kunywea na barafu haifai, harufu inatoroka yote.

Mimina mililita 15 tu, nusu ya toti. Chupa nne usiku mmoja zisizidi, hapo umekunywa mililita 60 na bado una akili, ya tano maksi zake ni za uongo, nimejaribu mara nyingi sana. Panga kutoka laini kwenda ya moshi, na ya asilimia ndogo itangulie. Mfano Glenfiddich 12 kwanza (asilimia 40), halafu Glendronach 12 (43), halafu Talisker 10 (45.8), mwisho Ardbeg 10 (46). Ukianza na Ardbeg hizo zingine zote zitakuwa kama maji ya kuoshea kikombe.

Kunusa ndo nusu ya kazi nzima kwa hivo usikimbilie kunywa. Acha glasi itulie dakika kumi hivi. Usitumbukize pua kama unanusa ua, anza chini ya kidevu, panda polepole, mdomo uwe wazi kidogo ili mvuke upate njia, halafu tundu moja la pua kisha la pili, utashangaa hayasikii sawa. Pua ikichoka nusa mkono wako mwenyewe hapo kwenye kiwiko kwa ndani, unarudi ukiwa mpya. Na andika neno la kwanza lililokuja hata kama ni la kijinga, usilisafishe, "dau limeungua" lingesafishwa lingekuwa "moshi" na tungekosa kila kitu.

Ukikwama jiulize harufu imetoka wapi. Vanila, nazi, asali, mara nyingi ni pipa la mwaloni wa Marekani lililowahi kuweka bourbon, wiski ya hukohuko Marekani. Tende, zabibu kavu, mdalasini, haluwa nyeusi, hapo nashuku pipa la sheri, ile divai ya Uhispania, Glendronach na Macallan ndo majina ya hiyo njia. Tufaha bichi na ndimu vinaanza huko kwenye kuchachusha, kabla ya pipa, na Glenfiddich imejaa hilo tufaha. Moshi ni wa piti, ule udongo wa kinamasi wa mimea iliyooza miaka na miaka, wanaukata matofali wanakausha wanachoma chini ya kimea. Kisiwa cha Islay ndo mji mkuu wa huo moshi, na Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg ni majirani hapo pwani ya kusini. Watu hujisifia namba za moshi, yaani sehemu za fenoli (kemikali za moshi) kwa milioni, Ardbeg karibu 55 na kadhalika, lakini hiyo inapimwa kwenye kimea kabla ya kupikwa, mwingi unapotea njiani, kwa hivo namba haikuambii glasi itanukia vipi. Mimi Laphroaig naskia iodini, ile dawa ya kidonda ya zamani, na mwani ulioachwa na maji makavu pale ufukwe wa Silversand. Talisker inatoka kisiwa cha Skye, ina chumvi na pilipili manga mwishoni, kwangu ni ngisi wa kuchoma kabla hajatiwa ndimu.

Rangi isikudanganye, sheria inaruhusu kutia karameli ya rangi, kwa hivo wiski nyeusi sio lazma iwe ya pipa zuri. Rangi haina maksi kwangu, sifuri.

Kuonja sasa. Tama la kwanza ni la kuamsha mdomo, halina maksi, lizungushe umeze au uteme. La pili ndo la kazi, kidogo, likae mdomoni sekunde kumi hivi, lipitishe chini ya ulimi na kwenye ufizi kama unatafuna, angalia limeanza vipi na limegeuka kuwa nini katikati. Pia uzito wake, kuna inayopita kama maji na kuna inayokaa kama tui zito. Ukimeza washa saa ya simu. Nyingine imeisha sekunde ishirini, nyingine dakika mbili bado iko inakuletea mambo mapya, huo mwisho una maksi zake.

Halafu maji. Najua tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa maji sio wizi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwaiakoli, moja ya kemikali zinazoleta moshi, alkoholi ikiwa nyingi sana inazingirwa ndani, na ukipunguza inapanda juu ya glasi, pale pua ilipo. Nunua sirinji duka la dawa, bila sindano, ndo utie kwa kipimo sio kwa kukisia. Mililita 15 za asilimia 46 ukiongeza mililita 2 na robo ya maji inashuka mpaka 40. Tia nusu mililita kwanza, nusa, tia nyingine. Zile za nguvu ya pipa, yaani zimetiwa chupani bila kupunguzwa maji, za asilimia 58 hivi zinabeba hata mililita 4 kwa 15. Ukishapitisha hairudi, kwa hivo polepole.

Maksi mi hutumia mia, pua 25, ulimi 25, mwisho 25, na 25 za mizani, yaani vitu vyote vinaelewana au vinagombana. Ukweli ni kwamba karibu kila kitu kitaangukia kati ya 75 na 90, chini ya 70 kwangu ni kosa la wazi, kadibodi mbichi, sabuni, kiberiti cha mayai viza. Kitu kinachosaidia kuliko vyote ni kuwa na chupa ya kupimia. Yangu ni Glenfiddich 12, nimeiwekea 80 na haibadiliki, kila kikao naionja kwanza. Siku nikiiskia kama 72 najua pua yangu ndo mgonjwa, nafunika daftari nalala. Msimu wa kusi na mafua yake hiyo imeniokoa mara nyingi.

Na muonje bila kuona lebo. Mmoja asiyeonja amimine, abandike namba chini ya glasi, afiche chupa. Tulifanya hivo kwetu Maweni, tulikuwa wanne, tukiwa na chupa moja ya miaka 18 ambayo mwenyewe aliibeba kama mtoto mchanga, na ikashika mkia kwa daftari zote nne, ya kwake pia ikiwemo. Hakuongea mpaka tumefungua geti. Umri unaongeza mwaloni, na mwaloni ukizidi unakausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, lakini ukishaiona hiyo 18 kwenye lebo mkono unaandika 90 wenyewe.

Maksi za siku moja usizitangaze. Rudia baada ya wiki, na tena chupa ikifika nusu, manake hewa inaibadilisha, nyingine inafunguka nyingine inalegea. Chupa isimame, usiilaze kama divai, alkoholi inakula kizibo. Iwe kabatini, mbali na dirisha, na ikibaki robo ihamishie kwenye chupa ndogo, joto la hapa halisubiri. Kwenye daftari andika tarehe, asilimia, mililita za maji ulizotia, na ulikula nini mchana.

Glasi usizioshe usiku huo. Ziache wazi mpaka asubuhi zikauke halafu nusa tena, alkoholi imeshaondoka na kilichobaki ni pipa na moshi mtupu, ya sheri utaskia tende kabisa na ya Islay ni jivu la jiko. Mi maneno yangu mazuri nimeyapata saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai. Ila kama unakaa na wazazi waambie mapema, mamangu aliokota yangu ya Ardbeg akaizungusha puani akatoka nayo mpaka uani kuuliza nani amechoma nyavu za watu.