Video za nyumbani kutoka diski ya mtandao hadi kwenye simu, bila kukwama

Diski ya mtandao (NAS, yaani kisanduku chenye diski kinachounganishwa na rauta ya nyumbani) ikishakaa sebuleni na video zote za familia zimo ndani, kinachofuata ni malalamiko: simu ya mama inaonyesha vizuri, ya mjomba inazunguka tu, ya dada inatoa sauti bila picha. Wengi hukimbilia kulaumu Wi-Fi au kutaka kununua diski kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo ni faili lenyewe. Simu ikishindwa kulisoma, programu iliyo kwenye diski hulazimika kulibadilisha papo kwa papo huku mtu anatazama, na prosesa za visanduku hivi ni ndogo, kazi hiyo inazielemea. Ndiyo maana hapa chini nitakawia sana kwenye kuandaa mafaili. Ukishayaandaa, diski inabaki na kazi ya kugawa tu, na kugawa hata kisanduku cha zamani kinaweza.

Hatua ya 1: Kebo na anwani

Unganisha diski na rauta kwa kebo. Wi-Fi waachie wenye simu, na ikiwezekana watumie ile ya 5 GHz, ya 2.4 GHz inafika mbali zaidi, lakini kwenye majengo ya ghorofa imejaa rauta za majirani. Kisha ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa vifaa, uifungie diski anwani moja ya kudumu, tuseme 192.168.1.50. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, diski inaweza kupewa anwani nyingine na simu zote zitaitafuta mahali ambapo haipo.

Hatua ya 2: Folda na majina

Tengeneza folda mbili kuu: “Asili” na “Za kutazama”. Ya kwanza ni ya mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera au DVD. Hayo hayaguswi wala kufutwa. Ya pili ndiyo simu zitakayoiona. Kila jina lianze na tarehe, mwaka mbele: 2009-12-26 Harusi ya shangazi.mp4. Kompyuta ikipanga kwa alfabeti, matukio yanajipanga yenyewe kwa mfuatano wa miaka, hata kama tarehe ya faili imebadilika wakati wa kulinakili.

Hatua ya 3: Jua ulichonacho

Fungua faili kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, na uangalie taarifa za kodeki, yaani njia iliyotumika kubana picha na sauti (MPEG-2, H.264, AC-3 na kadhalika). Vitu utakavyokutana navyo ni hivi:

- DVD za mpiga video wa harusi: folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, kila moja halizidi GB 1. Ndani ni MPEG-2, na kwa huku kwetu picha huwa za PAL, 720 kwa 576.
- Kamera za mkononi za AVCHD: mafaili ya MTS. Picha ni H.264, lakini sauti mara nyingi ni AC-3, na hapo ndipo simu nyingi zinapoonyesha picha bila sauti.
- Kamera ndogo za kidijitali za zamani: AVI yenye Motion JPEG, faili kubwa kwa dakika chache.
- iPhone: tangu iOS 11 ya mwaka 2017, nyingi zinarekodi H.265. Simu mpya zinaicheza vizuri. Za bei nafuu za miaka ya nyuma ndizo zinazotoa sauti peke yake.

Ukubwa nao uujue. Kwa iPhone inayorekodi H.265, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni kama MB 60, yaani megabiti 8 kwa sekunde. Ya 4K kwa fremu 30 ni kama MB 170, karibu megabiti 23. Wi-Fi ya nyumbani inabeba yote mawili. Intaneti ya nje ni habari nyingine, tutaifikia.

Hatua ya 4: Badilisha kwa HandBrake

Lengo ni moja: MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Ni mchanganyiko wa kizamani, faili linakuwa kubwa kuliko la H.265, lakini karibu kila simu inaucheza. Kwa familia yenye simu za kila aina mimi sibishani na hilo.

HandBrake ni programu ya bure ya kubadilisha video. Iweke kwenye kompyuta, usiisumbue diski na kazi hii. Chagua mpangilio wa “Fast 1080p30”, kisha rekebisha mambo matatu.

Kwanza, weka tiki kwenye “Web Optimized”. Hii inahamishia mwanzoni mwa faili ile orodha inayoeleza kila kipande kiko wapi, hivyo video inaanza upesi na ukiruka mbele haisitisiti.

Pili, ubora. Namba ya RF ikiwa ndogo, picha ni bora na faili ni kubwa. Kwa 1080p weka 22, kwa DVD weka 20. Usiikuze DVD kuwa 1080p. Unaongeza uzito tu.

Tatu, mistari. DVD na MTS nyingi zimerekodiwa kwa mistari inayopishana. Simamisha video bibi harusi anapogeuza shingo: ukiona kingo za shela zimetoa meno kama chanuo, nenda kwenye vichujio uwashe cha kuondoa mistari hiyo. Picha ikiwa safi, kizime.

Kwa DVD, fungua folda nzima ya VIDEO_TS badala ya VOB moja moja. HandBrake itaziunganisha, la sivyo unakata hotuba ya baba katikati.

Na kama faili la MOV tayari lina H.264 na AAC, usilibadilishe upya. Lihamishie tu kwenye MP4 kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye kompyuta, kazi ya sekunde chache isiyopunguza ubora hata kidogo:

ffmpeg -i asili.MOV -c copy -movflags +faststart mpya.mp4

Hatua ya 5: Programu ya kugawa

Kama mtazamaji ni wewe peke yako, ishia hapa: weka VLC kwenye simu, tafuta diski kwenye mtandao wa ndani, andika jina na nywila, tazama.

Kwa familia nzima weka Jellyfin kwenye diski, programu ya bure inayopanga video na kuzigawa kwa simu. Kama diski yako inakubali Docker, mfumo wa kuendesha programu zilizofungashwa tayari, tumia kifurushi cha jellyfin/jellyfin, uiunganishie folda ya “Za kutazama” kwa kusoma tu, ili mtu asije akafuta harusi kwa kidole. Fungua http://192.168.1.50:8096 kwenye kivinjari, unda akaunti ya msimamizi, kisha ongeza maktaba ya aina ya video za nyumbani. Ukichagua filamu, itaanza kukutafutia mabango ya sinema kwa video ya ubatizo.

Mpe kila mtu akaunti yake, na kwenye kila akaunti ondoa ruhusa ya kucheza video zinazohitaji kubadilishwa papo hapo. Wengi wanaogopa hatua hii. Faida yake ni kwamba faili bovu linakataa mara moja na unalijua, badala ya kuidhoofisha diski yote huku wengine wanatazama.

Weka programu ya Jellyfin kwenye simu, cheza video moja, kisha tazama dashibodi: panapaswa kuandikwa “Direct Play” au maneno ya karibu na hayo, yaani faili linachezwa kama lilivyo bila kubadilishwa.

Hatua ya 6: Kutazama ukiwa nje

Usifungue mlango (port) wa 8096, ule wa Jellyfin, kwenye rauta ili watu wa nje waingie. Ni hatari, na mara nyingi haufanyi kazi, maana kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye diski na kwenye simu, kisha tumia anwani inayoanza na 100 uliyopewa, pamoja na :8096. Ndugu aliye Muscat au Leicester anaweka Tailscale kwa akaunti yake, nawe unamgawia kifaa hicho kimoja tu.

Hapa kinachobana ni kasi ya kupakia ya nyumbani kwako. Video ya megabiti 8 haipiti kwenye njia ya megabiti 5. Rudi HandBrake, tengeneza nakala za 720p za megabiti 2 na uziweke kwenye folda ya tatu, “Ndogo”, yenye maktaba yake. Saa moja hapo ni kama MB 900. Ile ya megabiti 8 ingekula GB 3.6 za bando la mtu.

Hatua ya 7: Umeme na nakala

Diski na rauta zikae kwenye UPS moja, betri ya akiba umeme ukikatika. Nunua yenye waya wa USB, uuchomeke kwenye diski, kisha uwashe mpangilio wa kujizima betri ikikaribia kuisha. Diski mbili zinazonakiliana ndani ya kisanduku hazikusaidii kisanduku kikiibiwa au mtu akifuta folda, kwa hiyo nakili “Asili” kwenye diski ya nje na uipeleke nyumba nyingine. “Za kutazama” na “Ndogo” hazihitaji nakala. Zikipotea, HandBrake itazitengeneza tena usiku mmoja mmoja.