SOMO: Uchungu unaokuja na kupotea wiki za mwisho. Soma kabla ya kuniuliza

Kila wiki naulizwa lilelile: tumbo linakaza usiku kucha, asubuhi kimya, nifanyeje? Nimezaa watatu hapa Uyole, Mbeya, na mimba ya pili hali hii ilinikaa siku sita. Watu huiita uchungu wa uongo. Jina hilo silipendi, maana maumivu ni ya kweli; ila njia haifunguki, au inafunguka polepole mno.

Kama hujafikisha wiki 37, acha kusoma, nenda kituoni. Vivyo hivyo maji au damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu. Uliyewahi kupasuliwa, usisubirie nyumbani.

1. Kojoa. Kibofu kikijaa, tumbo hukaza.
2. Kunywa maji. Baridi ya Juni hutusahaulisha.
3. Badili mkao: ulisimama, lala ubavu, ulilala, tembea kidogo.
4. Oga maji ya vuguvugu.
5. Hesabu kwa saa moja tu, tangu uchungu unapoanza hadi mwingine unapoanza. Ukienda dakika 7, mara 15, mara 9, bado. Uliokolea hukaribiana na kuzidi makali hata ukilala.
6. LALA. Hapa ndipo nilipokosea. Usiku wa tatu niliambiwa nitembee ili njia ifunguke. Nikapanda na kushuka kilima asubuhi na jioni, nikafua mablanketi nimechuchumaa. Haukukolea. Ulipokuja wa kweli, mwili ulikuwa umekwisha. Wakati wa kusukuma sikuwa na pumzi, nikawekewa dripu. Kwa hiyo usijichoshe kuulazimisha. Usinywe mitishamba ya kuongeza uchungu hata kama bibi kaileta kwa mapenzi: kizazi hukaza bila kipimo, mtoto hukosa hewa, na kizazi chaweza kupasuka. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze. Na tafadhali, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha. Hewa yake haionekani na inaua. Vaa soksi, jifunike, weka chupa ya maji moto kiunoni.
7. Uchungu ukija kila dakika 5, kila mmoja kama dakika nzima, kwa saa moja, nenda. Mimba ya pili na kuendelea, au ukikaa mbali, wahi zaidi.

MASWALI

Mama K: Ndefu, sijamaliza. Nina miezi saba, tumbo linakaza. Ninywe nini?
— Usinywe kitu. Nenda kituoni sasa hivi. Nimeandika kabla ya hatua ya kwanza.

Binti wa Tukuyu: Mbona mimi nilitembea na nikajifungua salama?
— Tumshukuru Mungu. Sijakataza kutembea, nimekataza kujimaliza usiku wakati mwili unaomba usingizi.

Baba wa Makete: Mke wangu ana wiki 39, kituo ni mwendo wa saa mbili na mvua imeharibu barabara. Hizo dakika 5 si tutachelewa?
— Mtachelewa, kaka, umewaza vizuri. Ulizeni hospitali yenu kama ina nyumba ya kusubiria kujifungua, mumpeleke mapema. Ikitokea dharura piga 115, M-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni bure. Usiku, wewe ndiye uhesabu dakika, yeye asinzie. Uchungu ukija mkandamize kiuno kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka upite. Na uji uwe kwenye chupa ya chai muda wote.

Mama Pacha: Nesi kasema njia imefunguka sentimita 2, kanirudisha. Nimeona aibu.
— Usione aibu hata kidogo, dada. Sentimita 2 unaweza kukaa nayo siku kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unahesabu uchungu uliokolea tangu sentimita 5. Ila una mapacha, kwa hiyo wewe rudi mapema, usihesabu dakika kama wengine. Omba na mkojo upimwe, U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nayo hukaza tumbo.

Binti wa Tukuyu: Na hiyo chupa ya maji moto, ya plastiki ya dukani inafaa?
— Hapana, hujikunja na kuvuja. Tafuta ya mpira sokoni. Usitie maji yanayochemka, na izungushie khanga mara mbili.