Kutumia fonti ya Fredoka kwenye bango

Fredoka ni fonti nene ya mviringo, changamfu, na inapatikana bure kwenye tovuti ya Google Fonts, hata kwa kazi za biashara. Iweke kwenye kichwa cha bango tu, maneno matatu hadi matano. Unene wake hutajwa kwa namba, kuanzia 300 (nyembamba zaidi) hadi 700 (nene zaidi). Chagua 600 au 700. Maelezo madogo yape fonti nyepesi: kwa unene huu, herufi zikiwa ndogo, matundu ya a na e huzibwa na wino unaosambaa kwenye karatasi. Sogeza herufi karibu kidogo, zisigusane. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro ya maumbo ya herufi (outlines), la sivyo kompyuta isiyo na Fredoka itaweka fonti nyingine na mpangilio wote utavurugika.