Jinsi ya Kuweka Mizani ya Nishati kwenye Kigunduzi cha Mionzi ya Gama

Ukiweka chanzo kidogo cha sesiamu-137 mbele ya kigunduzi cha fuwele, kompyuta, inayopanga mipigo ya umeme ya kigunduzi kwa kimo chake katika visanduku vyenye namba viitwavyo chaneli, itakuchorea kilele kirefu kwenye chaneli ya 218, au ya 305, au ya 540, kutegemea volti uliyoweka siku hiyo. Namba hiyo peke yake haina maana yoyote. Inapata maana pale unapoonyesha kwamba chaneli hiyo inalingana na nishati ya kiloelektronivolti 662, kipimo ambacho kuanzia hapa nitakiandika keV, na kazi ya kuonyesha hivyo ndiyo ninayoieleza katika mwongozo huu. Vipimo vingi vibovu nilivyowahi kuletewa nivikague vilikuwa na sababu moja: mtu alihesabu palsi, yaani ile mipigo ya umeme, kwa bidii kabla hajajua palsi zenyewe ni za nishati gani.

Kifaa nitakachotumia ni fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo, yenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5, iliyounganishwa na mrija wa fotomaltiplaya, unaogeuza mwanga wa fuwele kuwa ishara ya umeme. Robert Hofstadter alionyesha uwezo wa fuwele hii mwaka 1948, na hadi leo ndiyo iliyomo ndani ya kamera nyingi za gama hospitalini. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, imebeba vigunduzi 12 vya aina hiyo hiyo vya kuvizia milipuko ya gama angani. Anayejifunza kuipangia mizani mezani pake anajifunza kazi ile ile inayofanywa katika sehemu hizo zote.

Kabla ya kugusa kitu

Hakikisha una kibali. Tanzania vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki yenye makao yake Arusha, na Kenya kuna mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Maabara inayomiliki chanzo lazima iwe inatambuliwa nao. Tumia vyanzo vilivyofungwa vya kufundishia tu, vishike kwa koleo au kwa ukingo wake, na usile chochote chumbani humo. Kwa zoezi hili utahitaji sesiamu-137 na kobalti-60. Ukiweza kupata amerisiamu-241 au kobalti-57 pia, hatua ya tano itakuwa na faida zaidi.

Asiye na vyanzo asikate tamaa, kwa maana kilo moja ya mbolea ya kloridi ya potasiamu, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ina potasiamu-40 ya asili inayovunjika takriban mara 15,000 kila sekunde, na takriban mvunjiko mmoja katika kila tisa hutoa fotoni, yaani chembe moja ya mwanga au mionzi, ya gama yenye keV 1,461.

Hatua ya kwanza: kagua fuwele, kisha pandisha volti polepole

Iodidi ya sodiamu hufyonza unyevu kama chumvi ya jikoni inavyofanya msimu wa mvua, na ndiyo sababu imefungwa ndani ya kopo la alumini lenye kioo upande mmoja. Anayefanya kazi pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, achunguze kopo hilo kwa makini, kwa kuwa ufa mdogo unatosha kuifanya fuwele igeuke rangi ya manjano na kupoteza mwanga. Usifungue kopo kamwe, na usitenganishe mrija na fuwele wakati volti imewashwa: mwanga wa chumba ukiingia ndani ya mrija wenye volti, utauharibu.

Inafaa kuelewa kinachotokea humo ndani. Fotoni ya gama ikigonga fuwele humpa elektroni nishati yake, yote au sehemu. Elektroni hiyo, inapopita kati ya atomi, huifanya fuwele itoe mwanga wa rangi ya buluu-zambarau, takriban fotoni 38 za mwanga kwa kila keV moja. Kwa fotoni ya sesiamu iliyonaswa yote, hizo ni takriban fotoni 25,000. Mwanga huo hufika kwenye uso wa mrija, ambako takriban robo ya fotoni zinazofika hung'oa elektroni, na elektroni hizo huzidishwa ngazi kwa ngazi hadi kila moja inakuwa takriban milioni moja. Kimo cha palsi inayotoka mwishoni kinalingana na mwanga, na mwanga unalingana, kwa kiasi kikubwa, na nishati iliyobaki ndani ya fuwele. Maneno "kwa kiasi kikubwa" yana uzito, nami nitayarudia.

Pandisha volti kidogo kidogo hadi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha uache kifaa kikiwa kimewashwa kwa nusu saa kabla ya kurekodi chochote. Baada ya hapo weka chanzo cha sesiamu na urekebishe ukuzaji wa ishara hadi kilele kikuu kikae karibu na chaneli ya 220 kati ya chaneli 1,024. Mpangilio huo unakupa takriban keV 3 kwa kila chaneli, na mwisho wa mchoro utafika keV 3,000, upeo unaotosha kuona karibu kila gama ya asili inayotoka ardhini.

Hatua ya pili: pima mazingira bila chanzo

Ondoa vyanzo vyote, vipeleke chumba kingine, na uache kigunduzi kikusanye usiku kucha. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, nami naisisitiza kwa sababu mbili. Kwanza, utahitaji mchoro huo kwa kutoa mionzi ya mazingira kwenye kila kipimo kijacho. Pili, kuta za jengo lenyewe ni chanzo cha bure kisichochoka: potasiamu-40 iliyomo kwenye mchanga na matofali itaweka kilele kwenye keV 1,461, na thaliamu-208, mzao wa thoriamu, itaweka kingine kwenye keV 2,615. Mahali kama Mrima Hill katika kaunti ya Kwale, ambako udongo una thoriamu nyingi, kilele hicho cha pili hujitokeza waziwazi.

Hatua ya tatu: soma mchoro wa sesiamu mpaka uuelewe

Hapa ndipo ninapowataka wanafunzi wakae muda mrefu. Weka chanzo sentimita 10 kutoka kwenye fuwele na ukusanye kwa dakika kumi. Utaona mambo manne, kutoka kulia kwenda kushoto.

Kwanza ni kilele kikuu cha keV 662, ambacho ni cha fotoni zilizoacha nishati yao yote ndani ya fuwele. Kushoto kwake kuna bonde, halafu mteremko unaoanza ghafla karibu na keV 477 na kuendelea kama uwanda hadi chini. Huo ni mtawanyiko wa Compton: fotoni imegonga elektroni, imeipa sehemu tu ya nishati, kisha imetoroka nje ya fuwele. Nishati kubwa kabisa ambayo elektroni inaweza kupata kwa njia hiyo ni pale fotoni inaporudi kinyumenyume moja kwa moja, na kwa sesiamu hesabu yake inatoa 477. Tatu, karibu na keV 184, kuna kilima kidogo kinachowachanganya wengi wakidhani ni isotopu nyingine, yaani aina nyingine ya atomi yenye mionzi. Ni fotoni zilizogonga meza, ukuta au kinga ya madini ya risasi iliyo nyuma ya chanzo, zikarudi nyuma na kuingia kwenye fuwele zikiwa zimebakiwa na nishati hiyo. Jumlisha 477 na 184, utapata 661, na desimali zilizoachwa ndizo zinazokamilisha: kile elektroni inachochukua katika mgongano wa kinyumenyume na kile fotoni inachobaki nacho lazima virudi kuwa nishati ya mwanzo. Nne, mwisho kabisa kushoto, kuna kilele cha keV 32, ambacho ni mionzi ya eksirei ya bariamu, elementi ambayo sesiamu hugeuka ikishavunjika.

Mtu akiweza kuvitaja hivi vinne kwa vidole bila kusoma popote, hatadanganywa kirahisi na mchoro wa hospitali wala wa setilaiti. Mgonjwa aliyedungwa dawa ya teknetiamu-99m naye ni kama meza ile: mwili wake hutawanya fotoni, na zile zilizotawanywa huingia kwenye kamera zikiwa na nishati pungufu na mwelekeo wa uongo. Ndiyo maana kamera ya gama hupokea tu palsi zilizo kati ya takriban keV 126 na 154, yaani asilimia kumi kila upande wa 140, nishati ya gama ya teknetiamu hiyo. Mizani ikihama, dirisha hilo linaacha fotoni za kweli na kukaribisha zilizotawanywa, na picha inafifia bila mtu kuona kosa lolote kwenye skrini.

Hatua ya nne: chora mstari

Sasa ongeza kobalti-60, yenye vilele viwili vya keV 1,173.2 na 1,332.5. Tuseme kilele cha sesiamu, 661.7, kimekaa chaneli ya 218, na kile cha juu cha kobalti kimekaa chaneli ya 441. Tofauti ya nishati ni 670.8, tofauti ya chaneli ni 223, kwa hiyo kila chaneli ina keV 3.008. Zidisha 218 kwa 3.008, utoe jibu kwenye 661.7, na utabaki na takriban 6. Mizani yako basi ni hii: nishati ni sawa na 6 jumlisha 3.008 mara namba ya chaneli.

Usikubali mstari uliochorwa kwa nukta mbili kabla ya kuujaribu kwa nukta ambayo haikutumika kuuchora. Kwa mizani hii, kilele cha chini cha kobalti kinapaswa kuonekana chaneli ya 388, na cha potasiamu kutoka kwenye mchoro wako wa usiku kinapaswa kuwa karibu na chaneli ya 484. Vikikaa hapo, endelea. Visipokaa, tafuta sababu kwanza.

Pima pia upana wa kilele cha sesiamu kwenye nusu ya kimo chake. Ukiwa wa chaneli 15, hizo ni keV 45, sawa na asilimia 6.8 ya 662, na fuwele yako ina afya nzuri. Upana ukizidi kukua mwezi hadi mwezi, shuku unyevu au muungano mbaya kati ya fuwele na mrija.

Hatua ya tano: usiuamini mstari kwenye nishati ndogo

Nilisema mwanga unalingana na nishati kwa kiasi kikubwa. Fuwele hii hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila keV pale nishati inapokuwa ndogo, hivyo kilele cha amerisiamu cha keV 59.5 kitaonekana juu kidogo ya mahali mstari wako ulipotabiri. Hiyo ni tabia ya fuwele, na dawa yake ni kuweka mizani kwa chanzo kilicho karibu na nishati unayotaka kupima. Anayepima teknetiamu, ya keV 140, atumie kobalti-57, ya keV 122, wala asitegemee sesiamu peke yake.

Hatua ya sita: linda mizani isihame

Mwaka mmoja nilipoteza vipimo vya mchana mzima vya sampuli za udongo kwa sababu umeme ulikatika, kipoza hewa kikazimika, chumba kikapata joto, nami nikaendelea kupima kwa mizani ya asubuhi. Joto hubadilisha mwanga wa fuwele na ukuzaji wa mrija kwa pamoja. Nilipoangalia kilele cha potasiamu jioni kilikuwa kimeteleza, na kwa kuwa sikujua kiliteleza saa ngapi, sikuweza kuokoa kipimo hata kimoja. Tangu siku hiyo napima chanzo cha sesiamu mwanzoni, katikati na mwishoni, na kilele cha potasiamu kwenye kila mchoro nakitumia kama nanga.

Vigunduzi vya Fermi hufanya vivyo hivyo bila mkono wa mtu: programu yao hufuatilia kilele cha keV 511 kilichomo kwenye mionzi ya mazingira angani na kurekebisha volti ili kilele kisihame. Ni vigunduzi hivyo vilivyonasa mlipuko wa gama wa tarehe 17 Agosti 2017, sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Kwenye CMS, kigunduzi kikubwa cha chembe huko CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, chenye fuwele 75,848 za tangsteni na risasi, mionzi yenyewe huzififisha fuwele, kwa hiyo mwanga wa leza hupitishwa humo mara kwa mara kupima uangavu wake, na chembe zinazojulikana kama Z hutumiwa kama sisi tunavyotumia sesiamu.

Hatua ya saba: sasa hesabu

Mizani ikishasimama, chagua chaneli zinazofunika kilele chako na uhesabu. Tuseme kwa dakika kumi umepata palsi 3,600 ukiwa na sampuli, na 2,500 bila sampuli katika chaneli zile zile na muda ule ule. Sampuli imechangia 1,100. Shaka ya kila hesabu ni kipeuo cha pili chake, na ukitoa hesabu mbili shaka haitolewi: unajumlisha 3,600 na 2,500, unapata 6,100, na kipeuo chake ni 78. Andika 1,100 kwa shaka ya 78, yaani asilimia 7. Ukitaka kuipunguza shaka hiyo iwe nusu, itakubidi upime kwa dakika arobaini, sampuli na mazingira vilevile.

Ukimaliza, pima sesiamu mara ya mwisho, shusha volti polepole hadi sifuri, rudisha vyanzo kwenye kasha la risasi huku ukivihesabu, na uandike daftarini tarehe, joto la chumba, volti, chaneli ya kila kilele na upana wake.