Mgonjwa wenu kaanzishiwa dawa za akili? Soma hii kabla hamjazitupa chooni

Mmetoka kliniki na mfuko wa dawa, nesi kaeleza haraka haraka maana foleni ilikuwa ndefu, mkifika nyumbani hakuna anayekumbuka kipi asubuhi kipi usiku. Basi chukua daftari, andika jina la dawa, miligramu na saa ya kumeza. Miligramu usiziruke, haloperidoli kwa mfano kuna vidonge vya 1.5 na vya 5, kwa hiyo ukiambiwa "meza kimoja" uliza kimoja cha ngapi.

Sasa maudhi ya dawa, na hapa ndo familia nyingi zinapotea. Haloperidoli ndani ya masaa au siku chache za mwanzo, hasa kwa kijana wa kiume, inaweza kumkaza misuli, unakuta shingo imepinda upande, macho yamepanda juu hayashuki, taya limekaza na ulimi umekuwa mzito. Watu hapo wanakimbilia kombe na maombezi eti kapandisha majini. Aisee ni dawa hiyo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na pakiti mkononi, atachomwa sindano na mara nyingi ndani ya nusu saa shingo imerudi. Sijakukataza kuomba, omba mkiwa ndani ya bajaji.

Lingine linalowachanganya watu ni mgonjwa kushindwa kutulia, anakaa anainuka, anazunguka uani, hata akisimama miguu inakanyaga palepale. Ndugu wanasema ugonjwa umezidi wanamuongezea kidonge, kumbe dawa yenyewe ndo inamsumbua na wakiongeza wanamzidishia mateso. Muulize mwenyewe kama ni mawazo yanamsumbua au ni miguu inakataa kutulia. Akisema miguu, rudini kwa daktari mapema apunguze dozi au abadilishe, maana hali ile inatesa kweli na wengine inawafikisha kutaka kujidhuru.

Kutetemeka na kutembea kama roboti ndo kunafanya wengi wapewe Artane (benzheksoli), inasaidia, ila inakausha mdomo na kufunga choo, na kuna vijana wanaitafuna kutafuta stimu kwa hiyo vidonge vikae kwako na uvihesabu. Largactil (klopromazini) inaleta usingizi na kizunguzungu, akiamka akae kwanza kitandani ndo asimame, na jua kali la mchana alikwepe maana ngozi inaungua kirahisi. Olanzapini inafungua njaa balaa, uzito unapanda na sukari pia, ombeni apimwe.

Kuna ya kukimbia nayo usiku huohuo. Homa kali huku mwili umekakamaa, jasho linamtoka na anaongea vitu havieleweki, usimpe dawa ya mseto ukalala ukidhani ni malaria tu, hiyo inaua. Anayetumia kabamazepini (Tegretol) akitoka vipele au vidonda mdomoni asimeze tena, aende hospitali. Mwenye lithiamu akianza kutapika, kuharisha na kutetemeka sana naye hivyohivyo, na maumivu ya mgongo asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni maana zinapandisha lithiamu kwenye damu. Kwa kina dada, kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na valproeti ina hatari kwa mtoto tumboni, kwa hiyo semeni mapema kabla ya kupanga mimba.

Ukiacha dalili hizo za hatari, dawa yoyote usikatishe ghafla kwa sababu mgonjwa kapata nafuu. Anaweza kukaa wiki au hata miezi yuko poa kabisa, ndo maana ugonjwa ukirudi hakuna anayekumbuka kwamba aliacha dawa. Kama kumeza kila siku ni vita, ulizia sindano za kila mwezi. Kumchanganyia kwenye uji kwa siri binafsi sikushauri, siku akigundua hatakula tena chakula chako na dawa ndo hatazitaka kabisa. Mirungi, bangi na pombe mwambieni ukweli kwamba zinaharibu kazi yote.

Halafu zikibaki za wiki moja anza kuzitafuta, maana kuna wakati dirishani zinakosekana na maduka ya mtaani mengi hayaziweki. Piga picha pakiti ya zamani umwonyeshe mfamasia, na akikwambia hiyo haipo ila kuna nyingine inafanana, mpigie kwanza daktari wenu.